Hesabu mabegi kabla hujalipa fremu: jinsi vijana wa begi mgongoni wanavyochagua bahari na msitu

Leo naongea na wewe mwenye duka, genge, kibanda cha chipsi au meza ya vocha karibu na bahari au karibu na msitu. Naongea pia na wewe unayewaza kuhamia huko kwa sababu umeona picha za wazungu wamejaa ufukweni ukasema, "Hapa ndo hela ilipo." Subiri kwanza, soma mpaka mwisho. Mimi sikusubiri, na iliniuma.

Duka langu liko Muheza, Tanga. Ni duka la kawaida tu: unga, sabuni, vocha, soda, vitu vidogo vidogo. Mwaka wa pili tangu nifungue, binamu yangu aliyekuwa anafanya kazi hotelini Unguja alinipigia simu mwezi wa kwanza. Akaniambia njoo uone, huku wageni hawakauki. Nikaenda siku mbili. Kweli, pwani ya mashariki ilikuwa inachemka. Upepo wa kaskazi unavuma, baharini wamejaa wale wanaovutwa na tiara juu ya maji, na kila mgahawa una watu. Nikarudi Muheza usingizi hauji.

Mwezi wa tatu katikati nikawa nimekusanya hela. Kodi ya fremu miezi sita kwa 150,000, hiyo 900,000. Mzigo wa 1,600,000. Nauli, kusafirisha mzigo na kufuatilia vibali 200,000. Meza na shelfu 100,000. Jumla 2,800,000. Katika hiyo, milioni moja ilikuwa ya mama, hela yake ya upatu. Alinipa akaniuliza swali moja tu: "Umehesabu, mwanangu?" Nikamjibu nimehesabu.

Nilichohesabu ni watu niliowaona siku mbili za mwezi wa kwanza. Basi.

Wiki mbili baada ya kufungua, masika ikakaza. Hoteli moja ikafunga kwa ukarabati, ya pili ikafunga, wafanyakazi wakarudishwa makwao. Binamu yangu mwenyewe aliyeniita alirudishwa nyumbani mwezi wa nne! Mimi nimebaki na fremu, vinyago, kofia za ukili, miwani ya jua na losheni za bei kubwa. Wenyeji wa pale walikuwa wanakuja kuniulizia sukari na mafuta ya taa, sina. Wageni wachache waliobaki waliniulizia koti la mvua, sina. Kodi ilipoisha nikauza nilichoweza kwa hasara, nikarudi Muheza na 640,000 na boksi la vinyago. Hela ya mama niliimaliza kuilipa baada ya miezi kumi na minne.

Sisemi Unguja pabaya. Unguja pazuri na watu wanapata hela. Kosa lilikuwa langu: nilifuata mteja ambaye simjui.

WASICHANA WAWILI KWENYE BENCHI

Kiasi cha mwaka mmoja baadaye, asubuhi, wasichana wawili wakashuka kwenye basi hapa Muheza. Mmoja Mjerumani, mmoja Mholanzi. Mabegi yao makubwa mpaka unajiuliza wanayabebaje. Walikuwa wanapanda Amani msituni. Wakaniulizia koti la mvua, karatasi za chooni, betri za tochi na ndizi. Nilikuwa na ndizi peke yake. Karatasi za chooni nilikuwa nimeziishiwa, na vinyago vimejaa juu ya shelfu vinaniangalia.

Gari za kupanda Amani sio nyingi, kwa hiyo wakakaa kwenye benchi langu wanasubiri. Nikachukua Kiingereza changu cha kidato cha nne nikawauliza: nyie mnachaguaje pa kwenda? Wakatoa daftari. Nikwambie ukweli, lile daftari lilikuwa limepangwa kuliko daftari langu la madeni. Kila siku imeandikwa hela ya kulala, ya kula na ya nauli. Tangu siku hiyo kila anayepita na begi namuuliza. Majibu hayatofautiani sana. Haya hapa, na kila moja nitakwambia lina maana gani kwako wewe mwenye biashara.

1. Wanahesabu hela kwa siku

Kijana wa begi mgongoni ana miezi miwili, mitatu au minne, na hela aliyonayo lazima ifike mwisho wa safari. Na kabla hajafika dukani kwako ameshalipa vingi. Visa ya kawaida ya Tanzania ni dola 50, Mmarekani analipa 100. Akienda Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya dola 44. Bado ndege, bado boti, bado kiingilio cha hifadhi.

Kwa hiyo begi kubwa halimaanishi hela kubwa. Huyu anapanda daladala, analala chumba cha vitanda sita, anakula chipsi mayai na mishikaki. Anabana kila siku ili siku moja alipe kitu kikubwa: kuzamia baharini, darasa la tiara, au kuzungushwa msituni na mwongozaji. Hicho kikubwa wewe huna. Wewe una vile vidogo vya kila siku, na hivyo hawezi kuvikwepa: maji, matunda, tishu, vocha, sabuni ya kufulia.

2. Wanaangalia kama pana usafiri wa umma

Sehemu inaweza kuwa nzuri kama pepo, kama hakuna daladala wala basi, wengi wao wanairuka. Kukodi gari ni hela ya siku nne. Ndo maana Paje na Jambiani zinapata vijana wengi: unapanda daladala mjini, unashuka karibu na unapolala. Diani kule Kenya vilevile, unavuka kivuko cha Likoni, unapanda matatu mpaka Ukunda, unachukua tuktuk.

Maana yake kwako: duka zuri sio lazima liwe ufukweni. Pale wanapobadilisha gari na kusubiri ndo pazuri. Mtu anayesubiri saa mbili atakunywa, atakula, atachaji simu. Mimi nilifunga safari kuvuka bahari kumfuata mteja aliyekuwa anapita mlangoni kwangu Muheza.

3. Wanaangalia msimu kuliko sisi

Hapa ndo nilipolia, kwa hiyo soma polepole. Pwani yetu, kwa makadirio, inaenda hivi:

Mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu mwanzoni ni kaskazi. Joto, upepo mzuri wa tiara, sikukuu za mwisho wa mwaka. Wageni wengi.

Katikati ya mwezi wa tatu mpaka wa tano ni masika. Mvua kubwa, barabara za msituni zinateleza, hoteli nyingi za Unguja zinafunga au zinapunguza watu. Ukilipa kodi ya fremu kuanzia hapa, umelipa kodi ya kuangalia mvua.

Mwezi wa sita mpaka wa tisa ni kusi. Baridi kidogo, upepo upo, msitu umekauka kiasi, na vyuo vya Ulaya viko likizo, hasa wa saba na wa nane. Huu ndo msimu mnono wa vijana wa mabegi.

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja zinaingia vuli. Mvua zinakuja na kuondoka, wageni wanapungua ila hawaishi.

Ongeza na Ramadhani, ambayo kila mwaka inasogea nyuma kwa siku kama kumi na moja. Zanzibar mchana migahawa mingi ya kawaida inafunga. Kijana wa begi hajui ale wapi. Mwenye duka anayeuza mkate, matunda, mayai ya kuchemsha na maji ya kwenda kula chumbani anauza vizuri. Mweleze kwa adabu asile barabarani. Atakushukuru, na majirani zako pia.

4. Wanawafuata wenzao

Hawa ni vijana wa miaka ishirini na kitu. Wanataka kukutana na wenzao. Wanachagua kwanza hosteli ambayo waliotangulia wameisifia, halafu ndo wanaangalia kijiji. Na wakifika, kila kitu wanatafuta kwenye ramani ya simu: duka, mgahawa, mashine ya hela.

Je, duka lako lipo kwenye ramani ya simu? Kuliweka ni bure. Piga picha ya mbele ya duka mchana kweupe, andika unachouza, weka saa za kufungua na kufunga. Mimi niliandika: maji, matunda, makoti ya mvua, kuchaji simu. Sasa hivi wengine wanashuka kwenye basi wanakuja moja kwa moja.

5. Wanataka bahari na msitu kwenye safari moja

Hii sikuijua kabisa. Nilidhani mgeni ni bahari tu. Kumbe siku tatu za mchanga zinamtosha, ya nne anataka kutembea. Sehemu yenye vyote viwili karibu inaipiku yenye kimoja. Hapo chini nitakupa mifano ya kweli.

6. Wanakimbia pa kusumbuliwa

Niliwauliza wale wasichana kitu gani kiliwachosha. Sio jua, sio chakula. Ni kufuatwa. Papasi wanamng'ang'ania kuanzia bandarini, huyu anavuta mkono, yule anamwambia bei mara tatu. Mgeni akishapigwa bei mara moja, kila duka baada ya hapo analiona la wezi, hata lako.

SASA TUANGALIE SEHEMU ZENYEWE

Paje, Jambiani na Jozani. Hii jozi ni ngumu kuishinda. Msitu wa Jozani upo njiani kutoka mjini kwenda pwani ya kusini mashariki. Ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na wale kima punju wekundu hawapatikani popote duniani nje ya Zanzibar. Asubuhi kijana anaangalia kima, mchana yuko baharini. Kitu cha kujua: pwani hii maji yakipwa yanaenda mbali sana, hasa kwenye bamvua. Unaona akina mama wanatembea kwenda kwenye mashamba ya mwani. Saa hizo mgeni hawezi kuogelea, kwa hiyo anazurura kijijini. Mwenye duka anayejua saa za maji kupwa anajua saa ya kuweka madafu na matunda mbele. Ila ushindani ni mkali na kodi za fremu ziko juu. Mtaji mdogo unamezwa haraka.

Amani na Pangani. Hapa ni kwetu, kwa hiyo nitajisifu kidogo. Amani ni msitu wa mvua wa Usambara Mashariki. Wajerumani waliweka kituo cha utafiti pale mwaka 1902, na bustani yao ya miti ipo mpaka leo. Kuna vinyonga, vipepeo, ndege ambao watu wanavuka bahari kuja kuwaangalia, mashamba ya chai, iliki na mdalasini. Lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanalipanda kwenye vikopo madirishani asili yake ni milima hii. Ukishuka unaenda Tanga, halafu kama kilomita 50 mpaka Pangani. Ukivuka mto kuna ufukwe wa Ushongo, na baharini kuna kisiwa cha Maziwe, fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, eneo linalojulikana kwa kasa. Tatizo la jozi hii ni usafiri. Wageni ni wachache kuliko Unguja, lakini wale wanaokuja wanakaa, na maduka yenye vitu vyao hayajawa mengi.

Diani, Kaya Kinondo na Shimba Hills. Kwa wasomaji wetu wa Kenya. Mchanga mweupe, mbega weusi na weupe juu ya miti kando ya barabara, na msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo ambao wazee wa Kidigo wanauongozea wageni kwa taratibu zao. Ukiingia unafungwa kaniki. Makaya ya Mijikenda yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Juu kule Kwale kuna Shimba Hills yenye palahala na ndovu. Na hapa kuna somo kubwa: tangu reli mpya ya Nairobi mpaka Mombasa ianze 2017, vijana wa Nairobi nao wanashuka na mabegi, hasa Desemba na wikendi ndefu. Msafiri wa begi sio mzungu peke yake. Hata hapa Amani siku hizi nawaona wanafunzi wa vyuo vyetu. Huyu haulizi kinyago. Anauliza soda baridi na bando.

Watamu na Arabuko Sokoke. Tuko Kenya bado. Msitu mkubwa wa pwani wenye ukubwa wa kama kilomita za mraba 420, na bahari yenye hifadhi hapo hapo upande wa pili wa barabara. Wapenzi wa ndege wanaujua vizuri.

Halafu kuna mfano wa msitu bila bahari: Milima ya Udzungwa, hifadhi tangu 1992, maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170, unatembea kwa miguu tu. Pazuri mno. Lakini bahari iko mbali, kwa hiyo anayekuja pale amekuja kutembea, na akimaliza anaondoka. Ukiwa na duka Mang'ula, mteja wako wa begi ni wa siku moja au mbili. Muuzie vitu vya kupandia mlima, usimuuzie ndala za ufukweni.

WEKA NINI DUKANI, USIWEKE NINI

Vinavyotembea kwangu:

Maji ya lita moja na nusu, na maji ya kujazia chupa kutoka kwenye lile dumu kubwa. Wengi wao hawapendi kununua chupa mpya kila siku, na Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa ndani ya hifadhi, fukwe na misitu ya hifadhi. Niliandika kibao "Jaza chupa hapa", na faida yake inazidi ya chupa.

Makoti ya mvua yale mepesi. Karatasi za chooni. Pedi, tena zipange mahali zinapoonekana, wasichana wanaona aibu kuuliza. Betri, viberiti, tochi, adapta za tundu letu la umeme, waya za kuchajia. Dawa ya kupaka ya mbu. Sabuni ndogo ya kufulia. Kamba ya kuanikia nguo, hii ilinishangaza mwenyewe. Karanga, korosho, ndizi, machungwa, mkate. Vocha. Laini mpya anasajiliwa kwa pasipoti kwa wakala aliyeruhusiwa. Wewe usimsajilie kwa jina lako hata akikubembeleza.

Kanga. Hii ni tofauti na kinyago. Kanga anajifunga akipita kijijini, anatandika ufukweni, anajifutia, anajifunika kwenye basi. Kinyago atakibeba wapi? Begi limejaa na bado ana nchi tatu mbele.

Usiweke: kombe kubwa za baharini, matumbawe, na magamba ya kasa ndo kabisa, hayo yatakupeleka mahakamani. Usiuze dawa za malaria wala antibayotiki kama huna kibali cha duka la dawa. Mgeni mgonjwa muelekeze kituo cha afya. Losheni za jua leta chache, angalia tarehe ya mwisho, zangu ziliniozea. Na mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019 ni marufuku, tumia ya karatasi au ile mbadala.

BEI

Bei iwe moja, iandikwe, na iwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza au kupokea bei kwa fedha za kigeni hapa nchini, kwa hiyo kile kibao cha "dola mbili" kishushe. Maji yakiwa 1,000 kwa mama Asha, yawe 1,000 kwa Mjerumani. Najua kuna mtu ananisoma anacheka. Kaka, ukimpiga 500 leo, kesho ataandika kwenye simu yake na hosteli nzima itanunua kwa jirani. Usipompiga, atakuja asubuhi, mchana na jioni siku tano. Piga hesabu mwenyewe.

Weka chenji. Wanatoka kwenye mashine ya hela na noti za elfu kumi tupu. Mwenye chenji ndo anauza.

HESABU YA KUFANYA KABLA HUJALIPA FREMU

Hii nakuomba uiandike. Nenda sehemu unayoitaka, kaa siku nne: mbili za katikati ya wiki na mbili za mwisho wa wiki. Rudia msimu mbaya, sio msimu mzuri tu. Hesabu mabegi yanayopita. Halafu fanya hivi, huu ni mfano:

Yamepita mabegi 12 kwa siku. Tuseme mmoja kati ya watatu ataingia dukani. Hao ni 4. Kila mmoja ananunua kitu cha 5,000. Mauzo ni 20,000. Faida yako kwenye kila 100 ni 20, kwa hiyo umepata 4,000 kwa siku. Kodi ni 150,000 kwa mwezi, sawa na 5,000 kwa siku. Umeshapoteza 1,000 kabla hujala, kabla hujalipa umeme, kabla ya leseni na kodi ya serikali.

Umeona? Na hapo ni siku nzuri. Mwezi wa nne hayo mabegi 12 yanakuwa moja au hakuna.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: mwenyeji alipe kodi ya fremu, mgeni awe nyongeza. Kama wenyeji wa pale hawawezi kulibeba duka lako miezi mitatu ya mvua, usifungue. Na msimu mzuri ukija, usile yote. Weka pembeni kodi ya miezi mitatu ya masika kwanza, ndo ununue simu.

NILICHOAMUA MWAKA HUU

Mwezi uliopita yule yule binamu yangu alinipigia tena. Safari hii yuko Pangani, kuna fremu nzuri, 120,000, mwenyewe anataka miezi sita. Moyo ulidunda kama ule wa mwezi wa kwanza. Nikapanda gari nikaenda na daftari. Nikakaa siku nne kwenye kijiwe cha kahawa, nahesabu. Siku ya kwanza mabegi matano. Ya pili matatu. Jumamosi kumi na moja. Jumapili sita. Jumla 25, wastani wa sita kwa siku. Na duka la mwenyeji mwenye sukari na unga lipo pale pale, limejaa, watu wanampenda.

Fremu sikulipa. Badala yake nikaenda kuongea na wenye nyumba mbili za wageni. Nawapelekea machungwa ya Muheza, ndizi, iliki na mdalasini wa Amani kwenye vifuko vidogo vya karatasi, mara moja kwa wiki msimu ukiwepo. Msimu ukiisha nasimama, sina kodi inayonidai. Faida ya wiki ya kwanza, nikitoa nauli, ilikuwa 31,000. Ni ndogo, najua. Ila mtaji wangu uko Muheza, umekaa salama kwenye unga na sabuni.

Nilipomsimulia mama, akauliza lile lile: "Umehesabu?" Nikampa daftari alisome. Alisoma ukurasa wote, mabegi ya Jumamosi na ya Jumapili, akanirudishia, akasema sawa.

Kama unaye mwenzako anakusanya hela ya fremu ya ufukweni sasa hivi, mtumie hii kabla hajalipa. Siku nne na kalamu havimgharimu kitu.